Mwanamke Aliyetangulia na Maswali

Daphrose Muhawenimana alijifunza kusoma ukutani. Nyumba ya baba yake, juu kidogo ya mji wa Masisi, ilikuwa ya mbao, na mbao zilipokauka ziliachana, upepo wa milimani ukawa unapenya hadi kitandani. Mama yake akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akaupaka ukutani, akabandika magazeti ya zamani tangu sakafuni hadi darini. Mengine aliyabandika kichwa chini, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma. Basi Daphrose, akiwa shuleni, kalasi ya pili, aliwajua mawaziri kwa sura kabla ya kujua kazi zao, na habari za uchaguzi alizisoma akiwa ameinamisha kichwa kati ya magoti, huku ng'ombe wa baba wakilia nje wakisubiri kukamuliwa.

Alipokuwa mtu mzima, mambo hayo hayakumtoka: nyumba, siasa na kusoma. Alifundisha shule miaka sita, kisha akachukuliwa na biro, yaani ofisi, moja ndogo ya utafiti mjini Goma. Akiingia kwa mtu, hata kabla ya kumaliza salamu, macho yake yalikwisha kuona mlango unafungwa na nini, nani analala karibu na moto, turubai la msaada limetobolewa wapi. Mkobani hakukosa kitabu kilichofungwa ndani ya nailoni. Watu walimpenda kwa sababu alisikiliza kuliko alivyouliza.

Kila mwaka alipewa watafiti wapya awafundishe. Sikuzote alianza na sharti moja: mtu akikupa jina lake, umebeba nyumba yake mgongoni. Wanafunzi waliandika. Hawakujua kwa nini sauti ya mwalimu wao hukauka akifika hapo.

Sababu ilikuwa ya miaka tisa nyuma.

Wakati ule biro ilifanya utafiti juu ya makao ya watu katika vilima vya Masisi na upande wa Walikale: nani kajenga wapi, kwa ruhusa ya nani, alihama mwaka gani, alirudi mwaka gani. Aliyekwenda vijijini alikuwa rafiki yake, Drocella Uwingabire, msichana mwembamba mwenye mwandiko mzuri, ambaye herufi yake ya d ilikuwa na mkia uliopinda kushoto. Drocella aliwaahidi watu wote kwamba majina yao hayatatoka kwenye ile fishi, karatasi ya maswali. Daphrose alibaki mjini, akizinakili zile fishi kwenye mashine ya kompyuta.

Siku moja mkuu wa biro wa wakati huo alimjia na bwana mmoja aliyekuwa anatafuta kura. Bwana yule alisema anataka kuwapa watu mabati, kwa hiyo anahitaji listi ya nyumba, na majina yake. Daphrose alijua jibu lilipaswa kuwa nini. Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akasema, "Toa tu, Mama. Ni mabati." Daphrose akatoa. Karatasi zilitoka kwenye mashine zikiwa na joto kama mkate.

Majuma matatu baadaye, watu wenye bunduki walipanda kwenye kijiji kimoja kidogo kati ya Mpofi na Buleusa, kijiji cha nyumba kumi na tisa. Jina la kijiji hicho Daphrose hajalitaja tena mbele ya mtu, nasi tuliache hivyo. Hawakuingia ovyo. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiita majina, moja baada ya jingine, kisha wakachoma.

Drocella alirudi mjini na habari hizo. Alimkuta Daphrose mezani, anamenya yai la kuchemsha.

"Baliita kwa mupango," Drocella alisema. "Na kuna kitu sielewi. Kwa Habineza baliita Habinza. Mara tatu: Habinza, Habinza, Habinza. Nani anasema vile? Muntu wa huku hawezi kukosea lile jina."

Daphrose aliendelea kumenya yai. Jioni hiyo, alipobaki peke yake, alifungua mashine akatazama mstari wa kumi na mmoja. Herufi e ya Habineza haikuwapo. Kidole chake kilikuwa kimeiruka.

Hakumwambia mtu. Kesho yake fishi zote za asili hazikuonekana kabatini, na Drocella pia hakuonekana. Wengine walisema amekimbilia Uganda. Wengine walisema amekufa njiani. Miaka ikapita, mkuu yule akaondoka, biro ikapata mkuu mpya aliyeitwa Plamedi, na Daphrose akawa mtaalamu wa maadili ya utafiti, anayeitwa hata na vyuo kwenda kusema juu ya ruhusa na siri.

Mwaka wa 2021 njia zilipotulia kidogo, Plamedi alimtuma kurudi kule kule: makao ya watu baada ya vita. Daphrose hakukataa. Alishuka kutoka Masisi kwa pikipiki, mkoba tumboni, ukungu ukiwa umekaa juu ya malisho hata ng'ombe walionekana miguu tu.

Nyumba ya kwanza huko Mpofi ilikuwa ya Papa Callixte, mkulima wa maharagi. Alikuwa anapalilia karibu na mlango. Alipomwona Daphrose aliweka jembe chini taratibu.

"Mama, umerudi?"

"Papa, sijafika hapa kwako hata siku moja. Naomba ruhusa ya kukuuliza maswali. Unaweza kukataa."

Callixte akarudi hatua moja nyuma. "Ndiyo, njo vile vile ulisema juma ilipita. Neno kwa neno. Nilikupatia kiti, ukakataa kukaa."

"Alikuwa ni miye?"

Mzee alimtazama usoni muda mrefu, akatazama viatu, akatazama daftari. "Pengine haikukuwa weye. Lakini aliongea na ile sauti ya kuomba. Aliuliza swali moja tu. Aliniuliza: ulikubali?"

"Ulikubali nini?"

"Nami nilimuuliza vile. Hakujibu. Alinipatia hii, akaenda."

Aliingia ndani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, kona moja imeliwa na mende. Daphrose aliifungua. Milango mingapi: miwili. Nani alijenga: mimi na mke wangu. Mnalala wangapi: saba. Alipofika kwenye herufi ya d yenye mkia uliopinda kushoto, aliutambua mwandiko wa Drocella.

"Hatuko tena saba," Callixte alisema, akinyoosha kidole kwenye ile namba bila kuigusa. "Tuko batatu. Hapo ndani njo tungali saba."

Siku hiyo alifika nyumba nyingine tano. Nne zilikuwa na karatasi. Mwenyeji mmoja alikuwa ameificha ndani ya Biblia, mwingine ameichoma kwa hofu akabakiza kipande. Wote walisimulia mwanamke yule yule: haketi, hanywi maji, anauliza kama ulikubali, anaacha karatasi, anakwenda. Wengine walisema nywele zake ni nyeupe na uso wake ni wa msichana. Nyumba ya mwisho, mama mmoja alikataa kufungua.

"Nilishamujibu!" alipiga kelele nyuma ya mlango. "Asubuhi tu alikuwa hapa. Mutaniuliza mara ngapi?"

"Asubuhi ya leo?"

Mama akasogea karibu na mlango. Kisha sauti ikasema polepole, "Kama haikukuwa weye, Mama, usimufuate."

Daphrose alimfuata. Kesho yake, kabla ya saa sita, pikipiki ilimfikisha mahali njia inapogawanyika, na mwendeshaji akazima injini. Alisema huko juu hapandi, hakuna nyumba huko, hakuna abiria wa kurudi naye. Daphrose akashuka akapanda kwa miguu, peke yake, katikati ya majani yaliyomfika kiunoni.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta haikuwa na watu miaka mingi. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama. Kwenye kizingiti kulikuwa na jiwe, na chini ya jiwe karatasi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Jiwe lilikuwa limelowa, majani yamelowa, karatasi ilikuwa kavu kabisa. Aliinama akaisoma. Milango mingapi: mmoja. Unafungwa na nini: kamba. Una mpango gani mwaka ujao: kuongeza chumba cha watoto.

Akaendelea kupanda. Ukungu ulishuka ukamfunika, mweupe, hauna upepo. Migomba ilikuwa imeota ndani ya vyumba vya watu, majani yake yakitokea palipokuwa na paa. Nguzo nyeusi zilisimama mbili mbili. Na kwenye kila kizingiti, jiwe. Chini ya kila jiwe, karatasi. Alihesabu bila kutaka: saba, nane, tisa. Hapakuwa na ndege. Kwenye kizingiti cha kumi alisikia mtu anaongea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Iliuliza, kwa adabu, kama anavyouliza mtu aliyeketi sebuleni: "Nyumba yenu iko na milango ngapi?"

Kisha sauti ikajibu, nzito kidogo, kama ya mwanamume aliyechoka: "Iko mbili. Ya nyuma ni ya mbuzi."

"Mulihamia hapa mwaka gani?"

"Ile mwaka mutoto wangu wa kwanza alizaliwa."

"Papa Habineza, uko na woga wa kitu gani katika hii nyumba?"

Daphrose alikuwa ameshika nguzo, na masizi ya miaka tisa yalimbaki kiganjani. Aliisubiri ile sauti nzito ijibu, na ikajibu, na hata ikacheka kidogo: "Woga? Hapana. Mvua tu."

Akatoka nyuma ya nguzo. Katikati ya mgomba na ukuta ulioanguka, juu ya jiwe la kupikia, aliketi Drocella Uwingabire, kikwembe kimefungwa kifuani, nywele nyeupe kama ndevu za mahindi, rundo la fishi mapajani. Hakushtuka. Aliinua mkono mmoja, kama mwalimu anayezuia mtoto kuingia kalasi.

"Ngoja nimalize. Nimebakiza maswali mawili."

Akayamaliza. Akakunja karatasi, akaiweka kizingitini, akaweka jiwe juu. Ndipo akamtazama Daphrose, na Daphrose hakuweza kujua kama ametambuliwa. Drocella alichukua daftari lingine, jipya, akatafuta kalamu kwenye nywele.

"Naomba ruhusa ya kukuuliza maswali," alisema. "Unaweza kukataa. Jina?"

"Drocella, ni miye."

"Jina?"

"Daphrose Muhawenimana."

"Kazi?"

"Unajua kazi yangu."

Kalamu ilingoja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini mwao.

"Mtafiti," Daphrose alisema.

"Kuna muntu alitoa majina ya hiki kijiji inje. Unamujua?"

Hapo ndipo Daphrose alipoketi chini, juu ya majani yaliyolowa, mbele ya nyumba ya mtu ambaye jina lake alilikosea. Alisema yote. Alisema juu ya mkuu aliyesimama nyuma ya kiti, juu ya bwana wa mabati, juu ya karatasi zenye joto. Alisema juu ya mstari wa kumi na mmoja. "Herufi ile niliiruka miye. Uliponiambia, nilijua papo hapo. Nilikuwa namenya yai. Nikaendelea kumenya."

Drocella aliandika kila neno. Hakulia wala hakumtukana. Alipomaliza alisoma alichoandika kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, na Daphrose akasikia maneno yake mwenyewe yakisemwa kwa ile sauti iliyokuwa imemsemea marehemu.

"Njo vile ulisema?"

"Njo vile."

"Miaka tisa nafikiri ni miye," Drocella alisema. Sauti yake sasa ilikuwa yake, ndogo, imepasuka. "Nafikiri nilipoteza fishi zingine mu njia, batu babaya bakaziokota. Njo maana nazunguka. Kila muntu niliandika, nimurudishie neno yake. Benye wako bazima, mu mikono. Benye hawako, kwa mulango yao. Nawasomea kwanza, juu wajue sijaongeza kitu."

"Na usiku unalala wapi?"

"Kwa batu. Banafikiri niko muzimu, lakini banafungua." Akafunga daftari. "Mama Mukagasana, mujane wa Habineza, iko Buleusa. Unakubali nimusomee hii?"

Daphrose aliitazama karatasi iliyokuwa chini ya jiwe.

"Unaweza kukataa," Drocella alisema tena, na alimaanisha.

"Sikatai. Lakini usisome weye. Nitasema miye."

Walitembea pamoja hadi Buleusa, siku moja na nusu. Njiani watu walisimama wakawatazama, wanawake wawili wa umri mmoja, kila mmoja na daftari, na mama mmoja akawaondoa watoto wake barabarani.

Mukagasana alikuwa mwanamke mrefu, mzee kabla ya wakati wake, anaishi kwenye nyumba ya miti na udongo nyuma ya kanisa. Alikuwa anapika maharagi. Aliwapa viti. Daphrose hakuketi kwanza, kisha akaona hilo nalo ni kiburi, akaketi, akasema. Mara hii maelezo yalikuwa mafupi. Alisema: listi ilikuwa yangu, na jina la Papa Habineza ni mimi niliyelikosesha herufi.

Mukagasana alikoroga sufuria.

"Tulikuwa ndani," alisema hatimaye. "Tunasikia banaita Habinza, Habinza. Mume wangu akacheka. Akasema, hawa batu bamepotea nyumba. Akatoka kubaeleza kama hapa hakuna Habinza."

Moshi uligeuka ukawaingia machoni. Hakuna aliyejisogeza.

"Nilimuchukia sana yule Habinza. Miaka tisa. Kila sala nilikuwa nauliza Mungu amuonyeshe kwangu, huyu muntu tulikufa juu yake. Nilimutafuta mu masoko. Niliuliza wakimbizi. Nilikuwa namuona mu ndoto, mufupi, na kofia." Akamgeukia Daphrose, na macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa kwa ghafla. "Kumbe hakukuwa muntu."

"Hakukuwa, Mama."

"Ni kidole yako tu."

"Ndiyo, Mama."

Mukagasana aliteremsha sufuria jikoni. "Enda sasa. Leo usilale kwangu. Lakini mbele ya kutoka Buleusa, uende kwa bengine sita benye balipona. Baambie nao. Usitume muntu."

Daphrose alilala kwa katekista. Siku mbili alizunguka nyumba sita. Mzee mmoja alimtemea mate miguuni. Mwanamke mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa wataandikwa kwa msaada. Mwingine alifunga mlango, na Daphrose akasimama nje akasema yote kwa mlango, kwa sababu alikuwa ameambiwa aseme. Drocella alimngoja barabarani kila mara, na baada ya kila nyumba aliweka alama ndogo kwenye daftari.

Mjini, mkuu wa biro alikasirika. Plamedi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Alitaka zile fishi zote ziletwe ofisini zihifadhiwe, zifungiwe, wanasheria wazitazame. Daphrose akamjibu kwamba fishi ziko kwa wenyewe. Akaandika ripoti yake ya makao bila jina la mtu wala la kilima, na ukurasa wa mwisho akaeleza listi ilitoka vipi na nani aliitoa. Ukurasa ule haukuchapishwa. Mkataba wake nao haukuongezwa. Hakuna aliyemshtaki, na hilo lilimsumbua kuliko kama wangemshtaki.

Alirudi Masisi, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, akaanza kufundisha wanawake kusoma kwenye chumba cha parokia, siku tatu kwa juma. Drocella alibaki Buleusa. Mguu wake ulikuwa umevimba kwa kutembea, na Mukagasana, aliyemkatalia Daphrose kitanda, alimpa yeye chumba. Fishi thelathini na moja hazijapata wenyewe. Ziko ndani ya bidoni, dumu la maziwa, mfuniko umekazwa, na wanawake wale wawili huzitoa juani mara moja kwa mwezi zisipate ukungu. Majirani wanasema siku hizo husikika watu wengi wakiongea katika uwanja ule. Daphrose amefika siku moja ya namna hiyo. Amesikia. Anasema ni Drocella anasoma, halafu anakatiza maneno na kuzungumzia jambo jingine.

Kiangazi kilichopita, kikundi cha watafiti vijana kilifika Buleusa na tableti zao, wakabisha kwa Mukagasana. Walisema salamu, wakasema kazi yao ni makao ya watu, wakaomba ruhusa.

"Karibuni," Mukagasana alisema. "Lakini kwanza ninyi. Majina yenu, mumoja mumoja. Na nyumba zenu kule Goma ziko wapi, na milango yao inafungwa na nini."

Vijana wakacheka. Mama hakucheka. Nyuma yake, ndani kwenye giza la chumba, walimwona mwanamke mwenye nywele nyeupe amekwisha kufungua daftari, kalamu mkononi.

Wa kwanza aliyejibu alikuwa msichana aliyeitwa Estelle. Alitaja jina lake lote, mtaa, rangi ya lango. Alipofika kwenye kufuli alisita, akawatazama wenzake, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukataa.

"Unaweza," Mukagasana alimwambia, akamsogezea kiti.